Webley ya Jirani na Boksi la Risasi 32

Mama jirani aliiweka bastola juu ya meza ya jikoni kwake, imeviringishwa kwenye kitambaa cha kupangusia vyombo. Pembeni yake akaweka boksi la risasi ambalo kona zake zilikuwa zimelainika kwa kushikwashikwa. Mumewe alikuwa amefariki Februari. Mwezi Mei wanawe wawili na wajukuu wangekusanyika shambani kumkumbuka, na walikuwa wameafikiana kwamba siku hiyo kila mmoja apige risasi moja kwa bastola ya baba.

"Wewe ni mtu wa vyuma," aliniambia. "Nitazamie. Iko salama?"

Namwita Mama kwa sababu ulimi wangu haukubali kumwita mwanamke wa miaka 79 kwa jina lake tupu, ingawa hapa Ohio wengi hufanya hivyo. Mimi ni mkereza vyuma. Nilianza ujana wangu kwenye karakana ya reli Morogoro, na sasa ni miaka 17 nachonga vipuri vya injini huku ugenini. Wenzangu wengi kazini ni wapenzi wa silaha, na kwa kuwa nina maikromita nzuri, chombo cha kupimia unene mdogo sana, na sina haraka, watu wamezoea kuniletea bastola walizorithi. Huwa natangulia kuwaambia kwamba mimi si fundi wa bunduki. Ninachokijua ni chuma: kinavyochoka, kinavyotanuka, kinavyoficha ufa.

Kabla ya neno lolote niliifungua. Hilo nalifanya hata mwenye silaha akiniapia kwamba ni tupu. Nilibonya komeo lililo kando ya nyundo kwa kidole gumba, mtutu ukainama kwenye bawaba yake, na ile nyota ya kutolea maganda ikainuka katikati ya silinda, lile gurudumu linalobeba risasi. Matundu sita, yote tupu. Ndipo nikaisogeza dirishani nisome maandishi. Juu ya mtutu: MARK VI. Kwenye mwili: jina la Webley na mwaka, 1917.

Mwaka ule ulinishika. Jeshi la Uingereza lilianza kutumia Webley Mark VI mwaka 1915, na maofisa wake walivaa bastola za ukoo huo viunoni walipokuwa wakimfukuza von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, katika ardhi yetu wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Oktoba 1917 ndiyo ya mapigano ya Mahiwa, kusini mwa Tanzania ya leo. Nyuma ya maofisa hao walitembea wapagazi waliobeba kila kitu mabegani, na jina la kikosi chao, Carrier Corps, ndilo limebaki Dar es Salaam kama Kariakoo. Nilimweleza Mama hayo. Alisikiliza kwa makini, akaniambia mumewe aliinunua kwa njia ya posta alipokuwa kijana, kabla ya sheria ya 1968 kukomesha biashara ya kuagiza bastola kwa barua. Enzi hizo shehena za silaha zilizozidi kwenye maghala ya majeshi ya Ulaya zilikuwa zikiuzwa Marekani kwa bei ya chini sana.

Kisha nikatazama mgongo wa silinda, na hapo furaha yote ikanitoka.

Uso wa nyuma wa silinda ulikuwa na mistari myembamba ya mviringo. Hiyo ni alama ya kisu cha mashine ya kukereza, na haikuwa kazi ya kiwanda cha Webley kule Birmingham, Uingereza. Rangi ya kijeshi iliishia ukingoni. Uso wenyewe ulikuwa mweupe, chuma kilichokwanguliwa baadaye. Mtu alikuwa ameipunguza silinda hii. Nikafungua boksi la risasi. Zilikuwa .45 ACP (namba hizi hutaja takriban kipenyo cha risasi kwa inchi), na chini ya boksi kulikuwa na vibanio viwili vya bati vyenye umbo la nusu mwezi, kila kimoja cha kushika risasi tatu.

Kwa asiyejua historia yake, lazima nieleze. Webley hii ilizaliwa kwa risasi ya .455, risasi fupi yenye ukingo mwembamba chini ya ganda unaoizuia isitumbukie ndani ya tundu. Marekani risasi hiyo ilikuwa adimu na ghali. Kilichokuwa kimejaa kila duka ni .45 ACP, risasi ya bastola ya Colt ya 1911, ambayo haina ukingo wa namna hiyo. Wamarekani walikuwa tayari na dawa ya tatizo hilo. Walipoingia vitani 1917 bila bastola za kutosha, Colt na Smith & Wesson walitengeneza rivolva, yaani bastola zenye silinda inayozunguka, za kupiga .45 ACP, na kibanio cha nusu mwezi ndicho kilichoshika risasi mahali pake. Rivolva hizo ziliitwa Model 1917, na zilichongwa tangu mwanzo kwa kazi hiyo. Miongo kadhaa baadaye, wauzaji wa Webley za ziada walichukua wazo la kibanio wakaliacha lile la chuma kilichochongwa kwa risasi hiyo. Walikwangua mgongo wa silinda ili kibanio kipate nafasi, wakauza bastola na risasi pamoja.

Nikachukua kibanio, nikatia maganda matupu matatu ninayotumia kujaribia, nikayasukuma ndani. Yaliingia vizuri kabisa. Nikafunga bastola. Komeo lilifunga kwa mlio safi, silinda ikazunguka, ikasimama imara. Mama alinitazama usoni akangoja. Kwa macho yake, na kwa macho ya mtu yeyote mwenye busara ya kawaida, kazi ilikuwa imekwisha: risasi inaingia, bastola inafunga, basi ni zake.

Hapa ndipo ninapoona watu wazuri wanakosea, na hapa nilikosea mimi mwenyewe.

Mwaka wangu wa tatu huku, mwenzangu mmoja kazini aliniletea rivolva ndogo ya kukunja, ya mwanzoni mwa karne iliyopita, ya bibi yake. Nilitia risasi, nikazungusha silinda, nikaisikia inashika. Nikasema iko sawa. Nilisema kwa sababu niliulizwa mbele ya watu na nilitaka kuonekana najua. Jumamosi ile waliipiga shambani. Risasi ya tatu ilipotoka, tundu lilikuwa halijalingana na mtutu. Kichwa cha risasi kiligonga ukingo wa mtutu, kipande cha risasi laini kikaruka pembeni na kumchana mdogo wake shavuni, kama sentimita mbili chini ya jicho. Kijana huyo ana kovu mpaka leo. Hakuna aliyenilaumu. Lakini mimi najua ni maneno yangu mawili, "iko sawa," yaliyompeleka pale.

Tangu siku ile sijibu swali hilo mezani. Nilimwambia Mama aniachie bastola kwa wiki moja. Risasi nikazihesabu mbele yake: 32.

Kazi niliyofanya wiki ile haina siri, na nyingi yake ningeifanya kwa kipuri chochote chenye umri. Nilikereza fimbo ya shaba inayopita mtutuni bila kulegea, nikavuta nyundo nyuma kwa kila tundu, moja baada ya jingine, na kuishusha ile fimbo kutoka mdomo wa mtutu. Kama tundu halijakaa sawasawa, fimbo hugota kwenye ukingo. Laiti ningefanya hivyo kwa rivolva ya yule bibi! Kwenye Webley fimbo ilipita yote sita. Nikashika silinda nikaitikisa mbele na nyuma, nikapima kucheza kwake kwa geji ya saa; kidogo tu, jambo la kusifiwa kwa mashine ya zaidi ya miaka mia. Bawaba haikulegea. Komeo la Webley ni kazi ya watu waliojua kazi, kipande kinene kinachokumbatia mwili wote juu, na nyundo haiwezi kufikia risasi kama hakijafunga barabara. Naisifu bastola hii kwa dhati. Hukumu niliyoitoa baadaye haikutokana na ubovu wa kazi ya walioitengeneza.

Nikaisafisha kwa kiyeyushi, nikaipulizia rangi nyekundu ile tunayotumia kazini kusaka nyufa kwenye mashafti, nikasubiri, nikafuta, nikapuliza unga mweupe. Ufa ungekuwepo, rangi ingetambaa kutoka ndani na kuchora mstari mwekundu juu ya weupe. Nilitazama kwa lenzi kwenye vile vishimo vidogo vilivyo nje ya silinda, vinavyoshikwa na ulimi wa kuisimamisha, maana ukuta wa chuma unapokatwa kishimo juu ya tundu la risasi hubaki mwembamba sana. Hakuna mstari.

Kama ningeishia hapo ningesema imepita. Lakini bado sikuwa nimepima matundu yenyewe.

Matano yalikuwa sawa, kwa kadiri vitu vilivyochongwa wakati wa vita vinavyoweza kuwa sawa. La sita, katikati ya kina chake, chini kabisa ya kile kishimo, lilikuwa pana kuliko wenzake kwa elfu tatu za inchi, yaani sehemu tatu kati ya elfu moja za inchi. Nilipima mara nne. Nikaenda nyumbani, nikalala, nikapima tena asubuhi. Elfu tatu za inchi ni unene wa karatasi ya daftari, lakini chuma kikitanuka na kisirudi, maana yake kimevuka mpaka wake. Kilipigwa na nguvu iliyozidi ile ambayo kingeweza kuibeba na kurejea. Tundu lile lilikuwa limeanza safari, na mwisho wa safari hiyo unajulikana: ukuta wa nje unafunguka, mara nyingi unabeba na tundu jirani, na chuma cha juu ya silinda kinainuka.

Nguvu ilitoka wapi? Ilitoka kwenye lile boksi.

Presha ya juu iliyokusudiwa kwa .455 ni kama pauni 13,000 kwa inchi ya mraba. Kwa .45 ACP ya kawaida, kiwango cha juu kilichowekwa na chama cha watengenezaji wa Marekani ni 21,000. Vipimo vya zamani na vya sasa havikuchukuliwa kwa chombo kimoja, hivyo sizilinganishi tarakimu hizi kama mtu anayepima sukari dukani. Lakini tofauti ni kubwa mno kufichwa na chombo. Hata kichwa cha risasi kinasimulia: .455 ya kijeshi ilisukuma gramu 17 za risasi laini kwa mwendo wa mita 190 hivi kwa sekunde, kidogo kidogo. ACP inasukuma gramu 15, zikiwa zimevikwa koti la shaba, kwa mita kama 255. Na koti hilo lina shida yake. Midomo ya matundu ya Webley hii nilipima 0.449 ya inchi. Kichwa cha ACP ni 0.451. Wazee wa Birmingham walitegemea risasi laini yenye tako lenye shimo, inayojibana kupita mdomo mwembamba kisha ikatanuka na kujaza mtutu. Shaba haina upole huo, na kila kinachokataa kupita kirahisi kinaongeza presha nyuma yake.

Ngoja nieleze jambo la majaribio, kwa sababu kwangu ndilo kiini. Nilipokuwa Morogoro, wazee wa karakana walitusimulia habari za injini za mvuke: boila haikuruhusiwa kazini mpaka ijazwe maji na kusukumwa kwa pampu kupita presha yake ya kila siku, ndipo ikapigwa muhuri wa tarehe. Silaha za Ulaya zina desturi hiyohiyo. Nyumba ya Majaribio ya Birmingham ilianzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1813. Bastola hupigwa kwa risasi iliyozidishwa makusudi, hukaguliwa, ndipo hugongwa muhuri. Kwa hiyo Webley iliyopita majaribio ilistahimili zaidi ya 13,000. Sasa piga hesabu. Ongeza theluthi nzima juu yake, unapata kama 17,300. Bado hujaifikia 21,000. Yaani yule baba, kila alipobonya kifyatulio kulenga kopo juu ya gogo, huenda alikuwa akiifanyia bastola yake jaribio kali kuliko la kiwandani, na aliyafanya mfululizo, bila mkaguzi, mkono wake ukiwa juu yake.

Na waliopunguza silinda waliharibu pia maana ya muhuri wenyewe. Muhuri unashuhudia chuma kilivyokuwa siku ile, kwa risasi ile. Ukikata, ukibadilisha risasi, ushahidi umekufa hata kama alama bado inasomeka.

Watu wengi wanaoniletea silaha hizi wamesikia habari moja tu: kwamba za kale zilikuwa za baruti nyeusi, na baruti ya sasa ni kali. Ni kweli, na inafaa kujulikana. Baruti nyeusi ni shura, mkaa na salfa, na kasi ya kuungua kwake haibadiliki sana kwa kubanwa. Baruti isiyo na moshi, iliyotokana na kazi ya Paul Vieille huko Ufaransa mwaka 1884, huungua kwa kasi zaidi kadiri inavyobanwa, kwa hiyo kosa dogo la kipimo linakuwa kosa kubwa la presha. Colt wenyewe walianza kuihakikisha rivolva yao ya Single Action Army kwa baruti mpya karibu na 1900 tu. Zilizotangulia, tangu 1873, hazikuahidiwa hilo, na chuma cha silinda zake za mwanzo hakifanani na cha baadaye. Mwenye Colt ya 1880 akiitia baruti isiyo na moshi anacheza na kitu ambacho mtengenezaji hakukubali.

Lakini tazama Webley hii. Ni ya 1917. Risasi yake ya asili ilikuwa na kodaiti, baruti isiyo na moshi, tangu miaka ya 1890. Kwa kanuni ya "kale ni baruti nyeusi, mpya ni salama," ingepita. Sheria ya Marekani ya 1968 huita ya kale ile iliyotengenezwa 1898 au kabla, na nimewasikia wenye silaha wakiugeuza mwaka huo kuwa mpaka wa usalama. Ni tarehe ya mahakamani. Swali la fundi ni chuma hiki kilichongwa kwa moto gani, na moto gani unataka kukitia leo.

Jina la risasi nalo huwapoteza watu. Chukua .45 Colt. Ganda ni lile lile la 1873, na kiwango chake cha kawaida ni 14,000. Lakini ziko zinazouzwa leo zenye presha kubwa kupindukia hapo, zilizokusudiwa rivolva nene za sasa, na boksi hubeba onyo kwa maandishi madogo. Zitatumbukia kwenye Colt ya babu bila kipingamizi. Au chukua zile za .38. Kuna .38 S&W, fupi na nene kidogo, ya miaka ya 1870, na kuna .38 Special, ndefu na nyembamba kidogo. Majina karibu yafanane. Kwa kipimo hazipaswi kuingiliana, lakini baadhi ya rivolva za kale matundu yake yalitobolewa moja kwa moja bila ngazi ndani, na ndefu huingia. Na zimo rivolva za Smith & Wesson zilizopelekwa kwa Waingereza wakati wa Vita vya Pili, za .38 S&W, ambazo baada ya vita zilizidishwa kina matundu ili zipige .38 Special. Ganda lililopigwa humo hutoka limevimba tumbo, mara nyingine limepasuka. Nyingi zimegongwa muhuri wa Kiingereza unaosema wazi: .38, urefu wa ganda 0.767, TANI 3½. Tani yao ni pauni 2,240, hivyo 3½ ni pauni 7,840 kwa inchi ya mraba, kwa njia yao ya kupima. Anayejua kusoma muhuri huo hahitaji kuuliza mtu. Kila ninapoweza namfundisha mwenye silaha kuusoma, kwa sababu siku moja sitakuwepo.

Wapo wanaoniambia basi watatumia risasi dhaifu. Wazo si baya, ila "dhaifu" sokoni humaanisha mwendo mdogo na teke jepesi mkononi. Presha ni kitu kingine. Punje chache za baruti ya haraka zinaweza kupandisha presha ghafla hata kama kichwa cha risasi kinatoka polepole. Na ganda kubwa lenye baruti kidogo chini yake lina nafasi ya kumeza kipimo mara mbili bila mtu kuona.

Wiki ilipoisha nilirudi kwa Mama. Mwanawe mkubwa alikuwepo, ameendesha gari kwa muda wa saa tano. Ni mtu mwungwana, lakini alikuwa na huzuni, na huzuni ilikuwa inatafuta mahali pa kushika. Nilipomwambia kwamba bastola isipigwe, uso wake ulibadilika.

"Baba ameipiga miaka 40," alisema. "Kama ingepasuka ingeshapasuka."

Nimeisikia hoja hiyo mara nyingi, na naiheshimu, maana ni ushahidi wa macho. Sikumpinga. Nilimuuliza ni mara ngapi kwa mwaka. Akafikiri. Mama akajibu badala yake: tarehe nne Julai, na si kila mwaka. Nikauliza risasi zilikuwa zikinunuliwa lini. Mama akainuka, akaenda chumbani, akarudi na boksi la pili, tupu, la aina ileile. Marehemu alikuwa hatupi kitu. Mama alikuwa na uhakika hayajawahi kuwepo maboksi mengine. Boksi moja tupu ni risasi 50. Lile lenye 32 limetoa 18. Miaka 40 ilikuwa risasi 68.

Tulinyamaza wote watatu. Yule mwana alichukua kalamu akahesabu mwenyewe nyuma ya bahasha. Silinda kumi na moja na risasi mbili. Kila tundu, kwa wastani, limepigwa mara kumi na moja na ushei. Na kwa mapigo hayo machache moja limekwisha kutanuka.

Nikaifungua bastola, nikampa geji, nikamwonyesha jinsi ya kuishika ili asome mwenyewe. Matundu matano, mshale unasimama mahali pamoja. La sita unasogea. Alirudia, taratibu, kama nilivyorudia mimi. Alipomaliza aliweka geji mezani kwa uangalifu mkubwa.

"Wanangu wangeishika," alisema. Mdogo wao ana miaka 11.

Aliniuliza kama silinda inaweza kubadilishwa. Inawezekana kupata silinda ya .455 isiyopunguzwa, ikapimwa na kulinganishwa na fundi wa bunduki anayejua Webley, kisha ikapigwa risasi za .455 zenye kichwa laini na presha ya asili. Fiocchi wa Italia wamekuwa wakizitengeneza. Kwa silinda iliyopunguzwa ambayo bado ni nzima, wako watu makini wanaotengeneza risasi zao kwa ganda la .45 Auto Rim, lenye ukingo mnene wa kuziba ile nafasi iliyokwanguliwa, kwa risasi laini na presha ndogo iliyopimwa. Hayo yote nilimweleza bila kumficha. Kwa silinda hii lakini, hakuna risasi ninayoweza kuikubali, hata ya moshi mtupu. Na Mei ilikuwa wiki tatu mbele.

Mama ndiye aliyefunga mazungumzo. Aliuliza kama naweza kuyaandika hayo kwenye kitu kitakachokaa na bastola, kwa sababu alisema yeye atasahau, na wajukuu hawakuwepo jikoni. Nilikata kipande cha bati la shaba, nikachonga kwa herufi za kugonga: SILINDA IMEPUNGUZWA. TUNDU MOJA LIMETANUKA. USITIE .45 ACP. USIPIGE. Nikaongeza mwezi, mwaka na jina langu, kama kwenye boila. Tukalifunga kwa waya kwenye mlinzi wa kifyatulio. Lile tundu la sita nikaliwekea alama ndogo ya rangi nyeupe.

Mwezi Mei nilialikwa shambani. Kulikuwa na upepo na nyasi zilikuwa hazijakatwa. Webley ilikuwa juu ya meza, imefunguliwa, nyota yake juu, juu ya kitambaa kilekile cha jikoni, na watoto waliruhusiwa kuitazama na kusoma bati. Mwana mdogo wa marehemu alikuja na bastola yake ya aina ya 1911, mpya, iliyochongwa kwa .45 ACP tangu siku ya kwanza. Alizikagua risasi za baba yake moja moja kwenye mwanga, akaweka pembeni 2 zilizokuwa na kutu shingoni. Zilibaki 30. Walipiga kwa zamu, watu wazima kwanza, kisha wajukuu, kila mmoja akiwa na mkono wa mkubwa juu ya wake, wakilenga kopo juu ya gogo. Mama alipiga ya mwisho. Akaliokota ganda kwenye nyasi lingali na joto, akalitia mfukoni mwa sweta.